Kufundisha Jambo Lisilotazamiwa: Chembe za Nishati Kuu kutoka Angani na Swali la Fizikia Mpya

UTANGULIZI

Makala haya yamekusudiwa wanachuo wanaojiandaa kufundisha fizikia katika shule za sekondari, pamoja na walimu walio kazini katika uwanda wa kati wa nchi yetu, kutoka Mpwapwa na Kongwa hadi Manyoni na Singida. Shabaha yake ni moja. Tunataka kuonyesha jinsi mwalimu mwenye ubao, makopo matupu na mtama kidogo anavyoweza kuwazoeza wanafunzi wake kupima maelezo mbalimbali ya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia.

Sababu ya kulichagua suala hili ni hii. Tarehe 12 Februari 2025, wanasayansi wa ushirika uitwao KM3NeT walitangaza katika jarida la Nature kwamba vyombo vyao vilivyozamishwa katika Bahari ya Mediterania vilikuwa vimenasa, tarehe 13 Februari 2023, alama ya nyutrino moja yenye nishati kubwa kupita nyutrino yoyote iliyopata kupimwa. Habari za namna hii huwafikia wanafunzi wetu kwa redio na kwa simu, na mara nyingi huwafikia zikiwa zimetiwa chumvi: "Sheria za fizikia zimevunjwa!" Mwanafunzi huja darasani na swali. Mwalimu anayemjibu kwamba jambo hilo halimo katika muhtasari wa somo humfundisha kwamba fizikia ni kitabu kilichokwisha kufungwa. Mwalimu anayemjibu kwamba ni kweli, sheria zimevunjwa, humfundisha kuamini kila linalosemwa kwa sauti kubwa. Majibu yote mawili humwacha mwanafunzi bila chombo cha kujiamulia. Sisi tunaona kwamba liko jibu la tatu, na kwamba linafundishika.

1. MATAZAMIO KWANZA

Hapana jambo lisilotazamiwa pasipo matazamio. Mkulima wa Ugogo hashangazwi na mvua ya Januari. Mvua kubwa ya Agosti ndiyo itakayomshangaza, kwa kuwa anayo hesabu ya majira kichwani mwake. Kadhalika mwanafizikia. Kwa hiyo swali la kwanza la mwalimu mbele ya kila habari ya ajabu liwe: "Tulitazamia nini, na kwa sababu gani?"

Historia ya mionzi ya angani yenyewe ilianza hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilidhaniwa kwamba mionzi iliyoonekana hewani hutoka katika miamba ya ardhi. Basi ilitazamiwa ipungue kadiri mtu anavyopanda juu. Mwaka 1912 Victor Hess, mwanasayansi wa Austria, alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akakuta mionzi imeongezeka. Matazamio yalianguka, na elimu mpya ikazaliwa.

Mwalimu wa Dodoma anao mfano wa karibu. Mji huu uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyo juu yake ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane kuliko ile iliyo juu ya Dar es Salaam. Chembe ziitwazo myuoni, ambazo ni mabaki ya mionzi hiyo, hutunyeshea mchana na usiku. Kiganja kilichokunjuliwa hupitiwa na myuoni moja hivi kila sekunde. Wanafunzi waulizwe: je, tutazamie myuoni nyingi zaidi Dodoma au Dar es Salaam? Swali hili dogo huwaingiza katika mada bila woga.

2. VISA VIWILI KUTOKA PWANI YA KENYA

Kabla ya kuyafikia mambo ambayo hayajaamuliwa, ni vyema darasa lijifunze kutokana na yale yaliyokwisha kuamuliwa. Hapa tunayo bahati, kwa sababu visa viwili vilivyo bora kwa kazi hii vilianzia kwa jirani zetu, katika jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hukipa chombo kinachorushwa kuelekea mashariki mwendo wa ziada wa karibu mita 465 kwa sekunde.

Kisa cha kwanza ni cha setilaiti ya Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, na ndipo ilipopata jina lake. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za angani peke yake, maana hewa ya dunia huzizuia eksirei hizo zisitufikie. Miongoni mwa vyanzo 339 vilivyoorodheshwa mwishoni kimo kimoja kiitwacho Cygnus X-1. Uhuru ilionyesha kwamba mwanga wa eksirei wake hubadilika kwa muda ulio chini ya sekunde moja. Kitu kinachobadilika kwa haraka hivyo hakiwezi kuwa kikubwa, kwa kuwa habari haivuki kitu chochote kwa kasi inayopita ya nuru. Tena wanaanga waliona kwamba kitu hicho hakionekani kwa macho, bali huizungusha nyota kubwa iliyo karibu nacho, na tungamo lake likazidi lile linaloweza kubebwa na nyota ya nyutroni. Maelezo yaliyobaki yalikuwa yale yaliyosikika kuwa ya ajabu kupita yote: shimo jeusi, kitu kilichokuwa kimetabiriwa kwa hesabu lakini hakijapata kuonekana. Maelezo hayo yakashinda.

Kisa cha pili ni cha SAS-2, iliyorushwa kutoka jukwaa lile lile mwezi Novemba 1972 ili kupima miale ya gama. Iliona mahali angani panapong'aa kwa gama, ilhali darubini za kawaida hazikuona kitu cha kulinganisha napo. Waitalia walikipa chanzo hicho jina la Geminga, ambalo katika lahaja ya Milano lina maana ya "hakipo". Kwa karibu miaka 20 kilibaki fumbo. Hatimaye mwaka 1992 ilipimwa mipigo yake ya eksirei, inayorudiarudia kila baada ya sekunde 0.237. Geminga ikatambulikana kuwa nyota ya nyutroni inayozunguka, jamii ya vitu vilivyokuwa vikijulikana tangu mwaka 1967. Katika kisa hiki fizikia mpya haikuhitajika. Ilihitajika subira na chombo bora zaidi.

Tunasisitiza kwamba mwalimu afundishe visa hivi viwili pamoja. Akifundisha cha kwanza tu, wanafunzi watadhani kwamba la ajabu hushinda daima. Akifundisha cha pili tu, watadhani kwamba halishindi kamwe.

3. CHEMBE ZENYE NISHATI KUU

Sasa darasa liko tayari kwa mambo makubwa zaidi. Chembe moja yenye nishati kuu ikigonga angahewa huvunja viini vya hewa, na vipande vyake huvunja viini vingine, mpaka hunyesha manyunyu ya mabilioni ya chembe yanayoenea kilometa kadhaa ardhini. Chembe yenyewe haionekani; yanayopimwa ni manyunyu yake.

Tarehe 15 Oktoba 1991, katika jimbo la Utah nchini Marekani, ilipimwa chembe yenye nishati ya elektronivolti 3.2 × 10²⁰, yaani karibu jouli 51. Tarehe 27 Mei 2021, katika jimbo hilo hilo, mtandao wa vyombo 507 vilivyopangwa kwa umbali wa kilometa 1.2 kutoka kimoja hadi kingine, katika eneo la kilometa za mraba 700, ulipima chembe nyingine ya elektronivolti 2.4 × 10²⁰. Waliyoivumbua waliiita Amaterasu, jina la mungu wa jua katika mapokeo ya Kijapani. Nishati yake ni karibu jouli 39. Wanafunzi wakokotoe wenyewe: ni nishati ya pakiti ya sembe ya kilo moja inapoanguka kutoka urefu wa mita 4. Jambo la kustaajabisha ni kwamba nishati yote hiyo ilibebwa na chembe moja isiyozidi ukubwa wa kiini cha atomu.

Kwa nini hizi hazikutazamiwa? Mwaka 1966 Kenneth Greisen wa Marekani, na Georgiy Zatsepin na Vadim Kuzmin wa Urusi ya Kisovyeti, walionyesha kwamba anga lote limejaa mnururisho baridi, na kwamba protoni yenye nishati inayopita elektronivolti 5 × 10¹⁹ hivi hugongana na mnururisho huo na kupoteza nguvu zake njiani. Kwa hiyo chembe kama Amaterasu lazima itoke karibu, kwa kipimo cha ulimwengu. Lakini mstari wa ujio wake, ukirudishwa nyuma, huelekea mahali palipo patupu, penye magalaksi machache mno.

Maelezo yaliyotolewa ni ya namna mbili. Wako wanaosema kwamba ni kiini kizito, kama cha chuma, ambacho njia yake ilipindishwa na sumaku za angani, hata kikaonekana kutoka mahali pasipo pake. Wako wanaopendekeza fizikia mpya: kwa mfano, kwamba ni mabaki ya kuvunjika kwa chembe nzito sana za maada ya giza.

Hapa mwalimu asiache kutaja somo la AGASA. Mtandao huo wa Japani, katika miaka ya 1990, ulipima chembe nyingi kupita mpaka wa mwaka 1966, kana kwamba mpaka haupo. Zikaandikwa nadharia tete nyingi, mpaka ya kwamba kanuni za Einstein hulegea kidogo kwenye nishati kuu. Mwaka 2008 vyombo viwili vikubwa zaidi, kimoja cha Utah na kingine cha Pierre Auger nchini Ajentina, vilionyesha wazi kwamba idadi ya chembe hupungua ghafla karibu na mpaka ule ule. Sehemu kubwa ya nadharia hizo ikakosa kitu cha kueleza. Mtandao wa Auger una eneo la kilometa za mraba 3,000, takriban sehemu moja ya kumi na nne ya Mkoa wa Dodoma. Darasa lizingatie kwamba shauri liliamuliwa na upana wa shamba la vipimo, kuliko werevu wa mabishano.

4. NYUTRINO NA SWALI LA KILOMETA 147

Nyutrino ni chembe isiyo na chaji, ambayo hupenya maada kwa urahisi mkubwa. Bara letu lina sehemu katika historia yake: mwaka 1965, ndani ya mgodi wa dhahabu wa East Rand nchini Afrika Kusini, zaidi ya kilometa 3 chini ya ardhi, kundi la Frederick Reines na Friedel Sellschop lilinasa moja ya nyutrino za kwanza za asili kupata kutambuliwa. Lakini kadiri nishati ya nyutrino inavyozidi, ndivyo uwezo wake wa kupenya unavyopungua. Kwenye nishati tunazozungumzia hapa, dunia nzima ni ukuta. Zile tu zinazopita kando kando ya upeo wa macho ndizo zinazoweza kufika.

Nyutrino ya KM3NeT ilikadiriwa kuwa na elektronivolti 2.2 × 10¹⁷, yaani jouli 0.035 hivi. Ni nishati ya tunda moja la zabibu za Dodoma, lenye gramu 5, linapoanguka kutoka juu ya meza yenye kimo cha sentimeta 72. Ilikuja karibu mlalo, nyuzi 0.6 tu juu ya upeo wa macho. Taabu ni kwamba chombo cha IceCube, kilichomo katika barafu ya Ncha ya Kusini, ni kikubwa zaidi na kimefanya kazi tangu kukamilika kwake mwishoni mwa 2010, nacho hakijapata kuona nyutrino ya nishati hiyo. KM3NeT ilikuwa bado inajengwa, na takwimu zilizochunguzwa zilikuwa za muda usiotimia mwaka mmoja. Yawezekanaje mwenye ungo mdogo apate, na mwenye turubai pana akose?

Jibu la kwanza ni bahati. Jibu la pili ni kwamba chanzo kiliwaka kwa muda mfupi. Jibu la tatu ni la fizikia mpya, na tunalileta kwa sababu linafundisha mengi. Mwaka 2025 Vedran Brdar na Dibya Chattopadhyay walionyesha kwamba, kwa mwelekeo ule wa angani, chembe ilipita takriban kilometa 147 za mwamba na maji kabla ya kufika KM3NeT, lakini ingepita kilometa 14 tu kabla ya kufika IceCube. Wakapendekeza kwamba huenda iliyotoka angani ilikuwa nyutrino tasa, yaani isiyogusana na maada kwa njia ya kawaida, na kwamba katika safari ndefu ndani ya mwamba ikageuka kuwa nyutrino ya kawaida. Kwa njia hii chombo kimoja kingeona, kingine kisione.

Hatuleti pendekezo hili ili liaminiwe. Tunalileta kwa sababu limejengwa inavyopasa: linatumia tofauti inayopimika, na linatoa utabiri. Kama ni kweli, nyutrino nyingine za namna hii zitazamiwe kutoka pande zenye njia ndefu ndani ya ardhi, na zikose kutoka pande zenye njia fupi. Nadharia tete inayokubali kukanushwa hivyo inastahili kiti darasani, hata kama kesho itatolewa nje.

Mfano mwingine wa kuandamana na huu ni wa ANITA, vyombo vya redio vilivyobebwa na puto juu ya Bara la Kusini. Katika safari mbili, ya 2006–2007 na ya 2014, vilinasa mawimbi mawili yaliyoonekana kutoka chini ya barafu kwenda juu, kwa pembe ya nyuzi 27 na 35 hivi chini ya mlalo. Chembe ya nishati hiyo ingelazimika kupenya maelfu ya kilometa za mwamba, ilhali nyutrino ya kawaida ingezuiwa ndani ya kilometa mia chache. Fizikia mpya ilipendekezwa. Wengine walisema huenda matabaka ya barafu yameakisi mawimbi. IceCube mwaka 2020, na Auger mwaka 2025, zilitafuta mwandamani wa matukio hayo zisipate ushahidi wa kuyaunga mkono. Fumbo limebaki, lakini nafasi ya maelezo ya ajabu imekuwa nyembamba.

5. NGAZI NNE ZA MAELEZO

Kutokana na visa hivi twaweza kumpa mwanafunzi ngazi nne za kupanda kwa taratibu, bila kuruka.

(a) Chombo. Je, kipimo ni sahihi? Mwezi Septemba 2011 kundi la OPERA huko Italia lilitangaza nyutrino zilizoonekana kuipita nuru kwa mwendo. Mwaka 2012 iligundulika kwamba waya mmoja wa nuru haukuwa umekazwa barabara. Kundi hilo lilistahili heshima, kwa kuwa liliwaomba wengine wakague.

(b) Bahati nasibu. Je, tukio moja latosha? Tofauti kati ya KM3NeT na IceCube bado haijafikia kiwango ambacho wanafizikia hukiita uvumbuzi.

(c) Visababishi vinavyojulikana. Je, vitu tulivyonavyo, vikipangwa upya, vyaweza kueleza? Geminga ni shahidi.

(d) Fizikia mpya. Hapa hufikiwa baada ya ngazi tatu kupandwa, na kwa sharti: atakayeileta aseme pia ni kipimo gani kitakachomwonyesha kwamba amekosea.

Mwalimu aonye kwamba ngazi hizi si kinga ya kulinda mawazo ya zamani. Cygnus X-1 ilizipanda zote nne, ikafika juu.

6. ANDALIO LA SOMO

Somo hili lahitaji vipindi viwili vya dakika 40. Zana: makopo 25 yenye mdomo wa sentimeta 7, yaliyotandikwa kitambaa ndani ili punje zisiruke, mtama, maharage machache, kamba, kijiti na rula.

Zoezi la kwanza: manyunyu ya mtama. Makopo yapangwe uani katika safu 5, umbali wa sentimeta 20 kutoka katikati ya kopo moja hadi katikati ya jingine. Wanafunzi wageukie ukuta. Mwalimu, akiwa amesimama juu ya dawati, atawanye ukufi wa mtama ambao punje zake zimekwisha kukadiriwa. Kisha wanafunzi wahesabu punje zilizomo katika makopo tu, na wakisie punje zote zilizotupwa. Kwa kuwa mdomo wa kopo ni takriban sehemu moja ya kumi ya eneo linalolihusu, watazidisha kwa 10. Wakisie pia kitovu cha manyunyu kilikuwa wapi. Hivi ndivyo vyombo vya Utah na Ajentina vinavyofanya kazi.

Katika mzunguko wa pili, mwalimu awe ametoboa kwa siri vitako vya makopo mawili. Yakiinuliwa ili kuhesabiwa, mtama utabaki chini, na ramani itaonyesha mashimo mawili ya ajabu. Awaache wanafunzi watoe maelezo yao yote na kuyaandika ubaoni kabla ya yeyote kuruhusiwa kugusa makopo. Katika mzunguko wa tatu makopo yawe mazima, lakini katika mtama mwalimu achanganye maharage machache. Wengine watasema kwamba harage lililopatikana lilikuwamo koponi tangu awali. Wadai wathibitishe. Mizunguko hii miwili ndiyo moyo wa somo: mara moja ajabu ilitoka kwenye chombo, mara nyingine ilitoka angani kweli, na kwa kutazama tu hapana awezaye kujua mapema.

Zoezi la pili: ungo na turubai. Ndani ya mfuko zitiwe punje 300 za mahindi na harage moja. Kundi la kwanza lichote punje 20, kundi la pili lichote punje 1, bila kutazama. Kisha waulizwe: iwapo harage limepatikana na kundi mojawapo, kuna uwezekano gani kwamba aliyelipata ni yule mwenye punje moja? Jibu ni 1 katika 21. Ni jambo la nadra, lakini si muujiza. Mwalimu aeleze kwamba tarakimu hizi ni za zoezi tu, wala si za vyombo halisi.

Zoezi la tatu: njia ndani ya dunia. Ichorwe mchangani duara yenye nusukipenyo cha sentimeta 63.7, ambapo sentimeta 1 ni kilometa 100. Chembe inayotoka kwa pembe fulani chini ya mlalo imepita njia iliyo sawa na nusukipenyo mara mbili, ikizidishwa kwa saini ya pembe hiyo. Kwa nyuzi 27 watapata karibu kilometa 5,800. Kwa nyuzi 35, karibu 7,300. Kisha waweke alama ya kilometa 147: ni sentimeta moja na nusu. Na kilometa 14: ni milimeta moja na nusu hivi, chini ya unene wa kijiti walichochorea. Macho yatawafundisha kwa nini habari ya ANITA ni ngumu kuaminika kuliko ile ya KM3NeT.

Hitimisho la vipindi liwe jedwali la safu tatu ubaoni: "Maelezo", "Yanatabiri nini zaidi?", na "Tutayapimaje?" Maelezo yatakayoshindwa kujaza safu ya pili yafutwe, hata kama aliyeyatoa ni mwanafunzi hodari kuliko wote, au mwalimu mwenyewe.

7. MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, lugha. Fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, lakini hoja za zoezi la makopo hazistahili kufia mdomoni kwa kukosa maneno. Tunashauri majadiliano yaruhusiwe kwa Kiswahili, ndipo istilahi za mtihani ziandikwe baadaye.

Pili, wakati. Mada hii haimo katika maswali ya mtihani, na mwalimu mwenye vipindi vichache ataona ni anasa. Tunajibu kwamba nishati ya mwanguko, saini ya pembe, makosa ya vipimo na uwezekano ni mambo yaliyomo katika mafunzo ya kawaida ya fizikia na hisabati. Somo hili linayafunga pamoja kwa kamba ya swali moja lililo hai.

Tatu, heshima kwa swali. Mwanafunzi atauliza, "Je, mwalimu, ukweli ni upi?" Kwa nyutrino ya KM3NeT jibu la uaminifu ni kwamba shauri halijaamuliwa, na kwamba vyombo vikubwa zaidi vinaendelea kujengwa ili liamuliwe. Mwalimu asione haya kusema hivyo. Ila asiishie hapo, bali aseme pia ni kipimo gani kitakachoamua.

HITIMISHO

Wanafunzi wengi wanaopita mikononi mwetu hawatakuwa wanafizikia. Watakuwa wakulima, waganga, makarani, wafanya biashara na viongozi, na kila siku wataletewa madai ya ajabu: dawa inayotibu kila ugonjwa, mbegu isiyohitaji mvua, hesabu isiyoshindwa. Mtu aliyezoezwa kuuliza kwanza juu ya chombo, kisha juu ya bahati, kisha juu ya sababu zinazojulikana, ndipo akayafungulia mlango mawazo mapya kwa sharti la kupimwa, hatadanganyika upesi, wala hatakuwa mkaidi mbele ya jambo jipya lililo la kweli. Tunawaomba walimu watakaojaribu mazoezi haya wayarekebishe kulingana na madarasa yao, na waandike matokeo yao ili wenzao wanufaike.